Jinsi ya kusoma resini yenye faiba ikishapigwa na joto kali: fuata gesi, sio moto

Kipande cha insulesheni ya resini kikitoka kwenye moto cheusi tii, watu wengi wanakiangalia mara moja tu, wanasema kimeungua, kinaenda kwenye taka. Naomba usikitupe. Weusi peke yake haukwambii chochote, kuna vipande vyeusi vilivyofanya kazi yake vizuri mno, na kuna vingine bado vina rangi yake ile ile ya mwanzo lakini ukivigonga na kucha unasikia kabisa kwamba ndani pameachana.

Nazungumzia faiba (nyuzi) ya kioo, ya silika au ya kaboni iliyoloweshwa resini, yani gundi ya plastiki, ikabanwa, ikaivishwa ikawa ngumu. Vitu hivi viko kwenye nozeli za roketi, kwenye tumbo la vyombo vinavyorudi kutoka anga za juu, kwenye kuta za kuzuia moto, kwenye mota na transfoma kama kihami cha umeme. Joto likizidi zote zinavunjika kwa njia zinazofanana, na jambo ambalo nataka ulishike tangu sasa ni kwamba resini haiungui kwanza, inageuka gesi kwanza, na gesi hiyo lazima itoke. Ikipata njia inakulinda, ikikosa njia inapasua. Hatua zote hapa chini zinakupeleka huko, kujua gesi ilizaliwa wapi, ilipita wapi, na ilikwama wapi.

1. Kijue kipande chako kabla hujakichoma

Maswali mawili ya kwanza, resini gani na faiba gani, na usikubali jibu la "ni faibaglasi tu".

Resini ya fenoliki (ndo ile ile familia ya Bakelite aliyoipatia hati miliki Leo Baekeland mwaka 1909) ikipashwa bila hewa inabakiza mkaa mwingi, karibu nusu ya uzito wake mpaka kama 60 kwa 100. Epoksi ya kawaida inabakiza mkaa kidogo, mara nyingi chini ya 20 kwa 100, na polyesta chini zaidi ya hapo, kingine chote kinaondoka kama gesi inayowaka. Unaona tofauti? Mkaa ndo ukuta unaobaki kusimama mbele ya moto, kwa hiyo epoksi inaweza kuwa na nguvu kuliko fenoliki siku zote za baridi alafu siku ya moto ikawa haina kitu cha kuacha nyuma isipokuwa nguo ya faiba inayoning'inia.

Faiba nayo ina tabia yake. Kioo cha kawaida kinalainika kwenye nyuzi joto 840 hivi, baada ya hapo kinatiririka. Silika safi inavumilia mpaka zaidi ya 1,600 na hata ikiyeyuka inakuwa nzito, inanata, inakaa juu ya mkaa kama ngozi. Kaboni haiyeyuki kabisa, bila oksijeni inaenda mpaka zaidi ya 3,000, lakini iweke kwenye hewa ya kawaida na inaanza kuliwa kuanzia kwenye 400 mpaka 600 tu. Yani faiba inayovumilia joto kuliko zote ndo ile ile inayoogopa hewa, na watu wakilisahau hili wanachagua kaboni kwa ajili ya tanuru lenye hewa tele alafu wanashangaa.

Andika pia faiba zimelala upande gani. Chora mshale ubavuni kwa kitu kisichofutika, au bora zaidi kwaruza alama upande wa nyuma, manake ukishachoma mbele hutajua tena upi ni upi. Kwa nini mshale ni muhimu utaona kwenye hatua ya gesi.

2. Kikaushe, alafu pima

Resini hizi zinanyonya unyevu wa hewani, fenoliki hasa, na maji yakigeuka mvuke yanachukua nafasi kama mara 1,700 ya ile ya mwanzo. Maji hayo yakiwa yamejificha katikati ya matabaka ya kitu kisichopitisha hewa, ndo basi tena, kipande kinapasuka mapema kabla resini yenyewe haijaanza hata kuvunjika, na wewe utaandika kwamba resini ni mbovu kumbe ni stoo yako yenye unyevu.

Weka sampuli kwenye oveni ya kama nyuzi joto 100 au pungufu kidogo, pima uzito kila baada ya muda mpaka uzito uache kubadilika. Usipandishe joto ili umalize haraka, utakuwa unaendelea kuivisha resini na kipande hakitakuwa kile kile tena. Kikishatulia pima uzito, pima unene kwa venia sehemu kadhaa sio katikati tu, na hesabu msongamano.

Ila kama kazi yako ni kujua kitu kitakavyofanya kikiwa kazini, weka na sampuli zingine ambazo hujazikausha. Zile kavu zinakwambia tabia ya resini, zile zenye unyevu zinakwambia tabia ya maisha halisi. Mi nazitaka zote mbili, na anayenionyesha matokeo ya kavu peke yake namuuliza za unyevu ziko wapi.

3. Chagua joto linalofanana na swali lako

Hapa ndo wengi wanapotea. Kuna kupasha taratibu na kuna kupiga moto wa ghafla, na majibu yake sio yale yale.

Kupasha taratibu ni ile mashine ya mizani iliyo ndani ya tanuru dogo, unaweka miligramu chache, unapandisha labda nyuzi 10 kwa dakika, unaangalia uzito unavyopungua. Inakupa ramani, yani kwenye joto hili kinaondoka hiki na kwenye lile kinaondoka kile. Fanya mara mbili, mara moja ndani ya nitrojeni na mara ya pili ndani ya hewa, alafu weka grafu mbili juu ya nyingine. Pale zinapoachana ndo oksijeni imeanza kula mkaa. Kumbuka tu kwamba ukiongeza kasi ya kupasha, grafu nzima inasogea upande wa joto kubwa zaidi, kwa hiyo ile namba ya nyuzi 10 kwa dakika usiichukue kama ilivyo ukaipeleka kwenye nozeli ambako joto linapanda mamia ya nyuzi kwa sekunde moja.

Joto la ghafla lina njia nyingi. Kuna koni ya umeme inayomulika sampuli ya sentimita 10 kwa 10, wanapendelea kilowati 35 au 50 kwa kila mita ya mraba, hiyo inafaa kwa maswali ya moto wa majengo na magari. Kuna moto wa oksijeni na asetilini unaopiga kipande uso kwa uso, mkali zaidi kwa mbali. Na kuna handaki za upepo zenye tao la umeme, hizo ni za vyombo vya anga na ni chache. Usitumie moto mkali kuliko yote kwa kudhani kwamba ukifaulu huo umefaulu yote, sio kweli hata kidogo, na kwenye hatua ya 5 nitakuonyesha chombo kizima kilichofundisha hivyo.

Kwenye sampuli ya moto wa ghafla weka themokapo (waya za kupimia joto) ndani, kina mbalimbali, mfano milimita 2, 5, 10 kutoka usoni na moja mgongoni. Aina ya K inafika kama nyuzi 1,260, inatosha kwa ndani, usoni tumia kipimajoto cha kuangalia kwa mbali. Toboa kutokea ubavuni, usitobolee mgongoni, na waya ulale sambamba na uso kwa sentimita moja au zaidi kabla haujageuka kutoka nje. Ukiutoa moja kwa moja kuelekea nyuma, waya wenyewe unakuwa mfereji wa joto, unanyonya joto kutoka ncha yake na unasomewa namba ya chini kuliko ukweli, tena hutagundua, grafu itakuwa laini na nzuri tu.

Na kabla hujawasha chochote: feni ya kunyonya moshi ya kweli, sio dirisha. Fenoliki inatoa kaboni monoksaidi, fenoli na fomaldehaidi, resini zenye nitrojeni ndani zinaweza kutoa sianidi, na mbao za saketi zenye bromini zinatoa asidi ya haidrojeni bromaidi. Hii sio kazi ya nyuma ya nyumba, fanya mahali palipotengenezwa kwa kazi hii au usifanye.

4. Soma grafu ya joto kwa vituo

Nachukua fenoliki hapa kwa sababu ndo inayojulikana vizuri, epoksi inafupisha safari hii, inavunjika kwa wingi kwenye 300 mpaka 400 na imeisha.

Kituo cha kwanza ni 100. Themokapo za ndani zinapanda, alafu zinasimama au zinapunguza mwendo hapo hapo, maji yanachemka. Angalia na ile ya mgongoni. Mara nyingi utaona nayo inakaa muda mrefu kwenye 100 au karibu na hapo, hata kabla joto lenyewe halijastahili kufika, na sababu yake ni kwamba mvuke hautoki mbele tu, sehemu yake inasukumwa kurudi nyuma kwenye baridi, inageuka maji tena huko, alafu moto ukisogea inachemka upya. Kwa hiyo unyevu unahama mbele ya joto, unajikusanya. Kipande kinachopasuka upande wa nyuma mara nyingi hadithi yake iko hapa.

Kutoka hapo mpaka kama 300 hakuna mengi kwa uzito, resini inaendelea kuungana yenyewe kwa yenyewe na kutoa maji kidogo, lakini kwa nguvu kuna mengi sana. Resini ikivuka joto lake la kulainika, kwa epoksi nyingi ni kati ya 120 na 180, inaacha kuwa ngumu kama kioo inakuwa kama mpira, haishiki tena faiba vizuri. Kama kipande kimebeba mzigo, kimeshashindwa hapa, na hakina hata doa la kuungua. Hii ndo sababu nilisema rangi inadanganya.

300 mpaka 600 ndo soko lenyewe. Minyororo ya resini inakatika, zinatoka maji, kaboni monoksaidi, kaboni dayoksaidi, metani, fenoli na ndugu zake. Kuvunja minyororo kunakula joto, na gesi zinapotoka kwenda usoni zinapita katikati ya mkaa ulio moto zaidi yao, zinabeba joto linalokuja, alafu zikifika nje zinausukuma upepo wa moto mbali na uso. Kwa hiyo kipande kinajilinda mara tatu kwa kuvunjika kwake, na ndo maana nasema kuvunjika kwa mpangilio sio kuharibika, ndo kazi yenyewe iliyonunuliwa.

Unene katika kipindi hiki unaweza kuongezeka, sampuli inavimba kwa sababu ya gesi iliyomo. Usije ukasema haijapoteza kitu kwa sababu ni nene kuliko mwanzo.

Juu ya 600 mpaka 900 kinachotoka sana ni haidrojeni, mkaa unajibana, unasinyaa, nyufa za kusinyaa zinatokea, zile ndogondogo zenye mpangilio wa vyumba vyumba. Hizo ni za kawaida, usihangaike nazo sana. Alafu kule juu kabisa, kwenye 1,500 hivi na kuendelea, silika na mkaa vinaanza kulana vyenyewe, vinatengeneza silikoni kabaidi na kaboni monoksaidi, mmenyuko unaomeza joto jingi lakini pia unamaliza vyote viwili, faiba na mkaa wake kwa pamoja.

5. Tafuta gesi ilikwama wapi

Hatua hii ipe muda kuliko zote.

Resini ikiwa haijaguswa na joto haipitishi gesi karibu kabisa. Mkaa uliokomaa umejaa vitundu, unapitisha vizuri. Katikati yao kuna eneo la mpito, lina gesi nyingi kuliko kote na njia bado hazijafunguka, na presha inapanda hapo. Wakati huo huo eneo hilo ndo limepoteza gundi yake, matabaka yanashikana kwa shida. Presha kubwa, gundi dhaifu, mahali pamoja. Ukiona ufa unaokimbia sambamba na uso chini kidogo ya mkaa, huo ni ufa wa gesi, ni tofauti na zile nyufa za kusinyaa zinazosimama wima kuelekea uso.

Sasa mshale wako wa upande wa faiba unafanya kazi. Gesi inapenda kutembea kufuata urefu wa faiba, ndivyo kuni mbichi inavyotoa povu na mvuke kwenye ncha yake badala ya ubavuni. Joto nalo linatembea haraka kufuata faiba kuliko kuzivuka. Kwa hiyo ukilaza matabaka sambamba kabisa na uso, joto linaingia polepole, vizuri sana, lakini gesi haina mlango, lazima ivuke kila tabaka, na matabaka yanabanduka moja moja kama kurasa. Ukisimamisha faiba zielekee usoni gesi inatoka bila shida ila na joto linaingia kwa njia hiyo hiyo. Nozeli nyingi zinatumia pembe ya katikati, matabaka yanalala yakiinama, ncha zao zikichungulia usoni. Pembe hiyo ndo makubaliano kati ya joto na gesi, na ukibadilisha pembe umebadilisha kila kitu hata kama resini ni ile ile ya kopo lile lile.

Mfano ninaourudia kila ninapoelezea jambo hili ni chombo cha Orion cha NASA. Kilirudi kutoka mwezini tarehe 11 Desemba 2022, bila watu ndani, na ngao yake ya joto ya Avcoat, ambayo ni resini ya aina ya epoksi na fenoliki yenye faiba na vijazo vyepesi, ilikutwa imepoteza vipande vya mkaa sehemu zaidi ya 100, vimechomoka badala ya kulika taratibu. Ndani ya chombo joto lilikuwa salama, ila hakuna aliyetegemea ngao iwe hivyo. Desemba 2024 NASA walieleza sababu. Chombo kiliingia angani, kikapanda tena kidogo, kikaingia mara ya pili, na kwenye kile kipindi cha katikati moto ulipungua. Ulipopungua, mkaa wenye vitundu uliacha kutengenezwa kwa kasi, lakini chini yake joto lililokwisha kuingia liliendelea kuvunja resini na kutoa gesi. Gesi ikajikusanya, presha ikapanda, nyufa, vipande vikaruka. Majaribio ya awali ya ardhini yalikuwa na joto kali zaidi, na joto lile kali lilikuwa linafungua njia za gesi haraka, kwa hiyo tatizo halikuonekana.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Moto mdogo ndo uliotesa kuliko moto mkubwa.

Kinachoonyesha zaidi kwamba ni suala la njia ya gesi, ni kwamba sehemu chache za Avcoat zilizokuwa na upitishaji mzuri wa gesi hazikupasuka hivyo. Kwa iyo kwenye sampuli yako fanya jaribio la namna hiyo, piga moto, punguza au ondoa kabisa kwa muda, alafu rudisha. Sikiliza pia, milio ya kupasuka wakati moto umepunguzwa ina maana kubwa kuliko milio ya mwanzoni wakati wa maji. Kama una vifaa pima upitishaji wa gesi wa kipande kibichi, kilichopashwa nusu, na kilichokomaa kuwa mkaa, hicho cha nusu ndo wengi hawakipimi na ndo chenye jibu.

6. Kata, alafu soma matabaka

Mkaa unavunjika ukiushika vibaya, kwa hiyo usikate kwanza. Mwagia epoksi nyembamba juu ya kipande ndani ya vakumu, iache iingie kwenye vitundu igande, alafu ndo ukate kwa msumeno wa almasi na kusugua kwa msasa laini. Barakoa ya vumbi ya kiwango cha juu na glovu hapa sio hiari, resini imeondoka, faiba zimebaki uchi na zinavunjika vipande vidogo sana. Vumbi la kaboni linapitisha umeme pia, liweke mbali na kompyuta na vifaa vyako vya kupimia.

Ukikata utaona kutoka mbele kwenda nyuma: uso uliolika, mkaa mweusi, ukanda wa kahawia iliyokolea ambao ndo eneo la mpito, alafu resini ya rangi yake ya asili. Pima kila kimoja kutoka mgongoni kwenda mbele, manake mgongo ndo haukusogea. Linganisha na themokapo zako, ukanda wa kahawia unapoanzia unatakiwa kuwa karibu na pale palipofika 300 hivi, na kama haviendani basi themokapo ilihama au waya ulinyonya joto. Nyuma ya kahawia usiamini macho, tumia kipima ugumu cha Barcol, kitakuonyesha resini iliyolegea ambayo rangi haijabadilika.

Usoni napo pana maandishi. Matone ya kioo yanayong'aa, silika au kioo kimeyeyuka, na kama matone yamekimbilia pembeni upepo ulikuwa na nguvu kuliko unato wake. Faiba nyeupe safi bila weusi, oksijeni imekula mkaa wote. Mkaa uliosawazika bila faiba kuchomoza, umelika kwa usawa, vizuri. Shimo lenye kingo kali na sakafu bapa, hapo tabaka limeruka mzima mzima, rudi hatua ya 5.

Pima kulika sehemu nyingi, sio katikati tu. Chombo kidogo cha Galileo kilichozama kwenye anga la Jupita tarehe 7 Desemba 1995, kwa kasi ya kama kilomita 47 kwa sekunde, kilikuwa na ngao ya kaboni na fenoliki ya kilo 152, na karibu kilo 80 ziliondoka. Ila hazikuondoka pale zilipotabiriwa, puani kulilika kidogo kuliko mahesabu na mabegani kukalika zaidi.

7. Mizani inakwambia nani kaiba

Chukua kipande cha gramu 100, kioo 70 na fenoliki 30. Tuseme resini hii kwenye nitrojeni inabakiza mkaa 55 kwa 100, umeipima mwenyewe kwenye hatua ya 3. Resini ikivunjika yote bila oksijeni unabaki na 30 mara 0.55, yani gramu 16.5 za mkaa, ukijumlisha kioo 70 unapata 86.5.

Sasa pima kilichobaki. Ukipata zaidi ya 86.5, kuna resini haijavunjika bado. Ukipata karibu na 86.5 kila kitu kimeenda kwa mpangilio. Kati ya 86.5 na 70, mkaa wenyewe umeliwa na oksijeni au umeng'olewa. Chini ya 70, kioo nacho kimeondoka, kimetiririka au kimekatika au kimemenyuka na mkaa. Hesabu hii fupi inamaliza mabishano mengi, ila usiifanye kwa kipande kizima kama kilichoungua ni upande mmoja, kata vipande vyembamba kwa kina na upime kimoja kimoja. Vipande hivi viwe vya sampuli pacha ambayo hukumwagia epoksi, vinginevyo unapima gundi yako.

8. Kama ni kihami cha umeme

Kwenye mota na transfoma mara nyingi hakuna moto, kuna joto la wastani kwa miaka. Madaraja yake ya joto yanajulikana, B ni nyuzi 130, F ni 155, H ni 180, na kanuni ya zamani ya mafundi kwamba kila nyuzi 10 hivi za ziada zinakata maisha ya kihami nusu bado inafaa kama makadirio. Hapa gesi ni kidogo, tatizo ni resini kukauka, kuwa na nyufa, alafu cheche. Na ikishafanya mkaa hata mstari mmoja mwembamba, mstari huo unapitisha umeme, hausafishiki kwa kukwaruza juu juu, kipande kinabadilishwa. Pima ukinzani kwa mega (kipima ukinzani wa kihami) kikiwa baridi na tena kikiwa na joto la kazi, manake kihami kinachopita baridi kinaweza kushindwa kikiwa moto.

9. Rudia kwa joto dogo

Ukimaliza yote usifunge daftari. Chukua sampuli pacha zilizobaki, moja kavu moja yenye unyevu, ipunguze joto mpaka nusu au robo ya lile la kwanza, uongeze muda ili jumla ya joto lililoingia iwe karibu sawa, na upite tena hatua ya 4 mpaka ya 7. Andika kwa kila sampuli unene wa mkaa, unene wa ukanda wa kahawia, idadi ya nyufa zilizo sambamba na uso na kina chake, uzito, na sekunde ambazo mgongo ulichukua kufika joto lako la kikomo. Kama sampuli ya joto dogo ina nyufa sambamba nyingi kuliko ile ya joto kubwa, usibadilishe resini kwanza, badilisha pembe ya faiba au ongeza njia za gesi, alafu choma tena.